MREJESHO: Mteja aliyeteleza dukani kwangu, mkadiria hasara amefika
Habari zenu ndugu. Mwezi uliopita niliwaomba ushauri: mama mmoja aliteleza dukani kwangu hapa Kawempe, Kampala, akavunjika mkono, na kampuni ya bima ikasema itatuma mkadiria hasara, yaani mtu wa kuchunguza ajali na kukadiria fidia.

Amekuja Jumanne. Nilidhani ataangalia karatasi tu. Wapi! Alichuchumaa kwenye vigae, akavipapasa kwa kiganja, akapima kwa futi kamba kutoka mlangoni hadi kwenye friji inayovuja, akapiga picha. Kisha akamhoji kijana wangu wa dukani peke yake, mimi nikiwa nje. Swali kubwa: maji yalikaa pale muda gani kabla mama hajaanguka, na nani aliyaona? Hapo ndipo uzembe unapopimwa. Daftari la usafi, tunapoandika sakafu imesafishwa saa ngapi, ambalo mlinihimiza nilitafute, lilikuwa na pengo la muda wa saa tatu. Sikulificha.

Mama naye ameombwa ripoti ya daktari na risiti, akaulizwa alivaa viatu gani, maana akionekana alichangia, fidia hupungua. Nilikwenda kumpa pole, ila kukiri kosa au kuahidi pesa sikuthubutu; mkataba wangu wa bima unakataza. Iliniuma, ni jirani yangu. Sasa tunasubiri uamuzi wa kampuni. Friji nimeshaitengeneza.