Mrejesho: lenzi pana kwenye vichochoro vya Lamu

Wakuu, niliuliza kama kwa vichochoro vya Mkomani nibaki na SLR (kamera unayochungulia kupitia lenzi yenyewe, kwa kioo kinachoinuka unapopiga) au nitafute rengifainda (haina kioo hicho, unachungulia kwa kidirisha cha pembeni) yenye lenzi pana ya milimita 21. Nimeazima ya jamaa, filamu imeshasafishwa.

Mliosema kioo ndicho kinachozipa shida lenzi pana za SLR mlisema kweli. Kioo cha SLR kinahitaji nafasi ya kuinuka: kwenye SLR ya Nikon F lenzi hufungwa milimita 46.5 mbele ya filamu, kwenye rengifainda ya Leica M 27.8 tu. Ndiyo maana lenzi pana za SLR hujazwa vipande vingi vya lenzi hadi zikawa nene, ilhali Biogon ya Zeiss, lenzi pana ya rengifainda, inazama ndani nusura iguse filamu. Mlango wa nakshi niliopiga, miimo yake imenyooka mpaka ukingoni. Kwa lenzi yangu ya SLR ilipinda kama mbavu za jahazi.

Pembe za picha zinafifia kidogo, sijali. Kinachokera ni kidirisha cha kuchungulia unachopachika juu ya kamera: ukisogea karibu, chenyewe kinaona juu zaidi ya lenzi, na nakshi ya kizingiti cha juu ikakatwa.

SLR siiuzi, mashindano ya majahazi yanataka lenzi ndefu. Mwenye kidirisha cha 21 kisicho na mikwaruzo anistue.