Kundi la jumuiya: dada wa nyumba ya kona

Mama Imani: Bwana Yesu asifiwe wapendwa

Baba Neema: Amina

Eliya: Amina mama. Shikamoo

Mama Imani: Marahaba mwanangu. Jamani nina jambo. Yule dada wa nyumba ya kona, anayemuuguza mama yake aliyepooza. Jana jioni nimempita anaanika mashuka, macho mekundu, hata salamu yangu aliitikia kama mtu aliye usingizini. Na sisi mlangoni pake ndipo tunapopita kila tukienda ibadani

Bibi Rehema: Maskini mtoto wa watu. Tumwombee 🙏🏾🙏🏾

Baba Neema: 🙏🏾

Mtunza Hazina: 🙏🏾🙏🏾

Dada Pendo: 🙏🏾

Mwalimu: Mikono yote hii, na hakuna hata mmoja ulioshika shuka 😄

Bibi Rehema: Mwalimu nawe! Sala nayo ni kazi

Mwalimu: Ni kazi Bibi, sibishi. Ila Yakobo alishatuona kwa mbali: "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", halafu mahitaji ya mwili humpi mtu. Yafaa nini? Sura ya 2, mstari wa 16

Mtunza Hazina: Samahani, niulize swali ambalo kila mtu analo ila ananiachia mimi. Mfuko wa huruma ni wa washirika. Yule dada si mshirika wetu, na kwa ninavyojua hasali popote. Hata Paulo anasema "hasa jamaa ya waaminio"

Mwalimu: Umeingilia mstari katikati ndugu yangu. Rudi nyuma kidogo

Mtunza Hazina: Haya usome wewe

Mwalimu: Wagalatia 6:10. "Kwa hiyo kadiri tupatavyo nafasi, na tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio." Hiyo "hasa" inatuambia tuanze na nani. Haimfukuzi mtu

Mtunza Hazina: Nakubali. Lakini daftari linabaki kwangu. Mkishasema "watu wote", mfuko ukikauka, yule mjane wetu atabisha hodi kwa nani? Kwangu

Baba Neema: Hapo mtunza hazina ana hoja. Tusimwone mchoyo

Mwalimu: Ana hoja kweli. Kanisa la kwanza kabisa kule Yerusalemu liligombana kwa jambo kama hili. Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wasali tu, walisema wachaguliwe watu saba wasimamie. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani! Naona kazi walipewa watu wa upande ule uliokuwa umesahauliwa

Mama Imani: Mwalimu, hilo tutalirudia siku ya kipindi. Sasa hivi tuongelee nyumba ya kona

Mwalimu: 😄 Nimenyamaza

Eliya: Mimi naona vijana tukusanye nguo na sabuni, tuende wote na sare za kwaya. Nitapiga picha niweke huku kundini, itahamasisha wengine

Dada Pendo: Eliya, mgonjwa aliyelala kitandani hana pa kujificha. Wewe ungependa mama yako apigwe picha hivyo?

Eliya: Basi tupige tukiwa nje

Bibi Rehema: Mjukuu wangu, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Sasa wewe unataka ujue mtaa mzima

Eliya: Sawa Bibi. Picha tumeacha. Nguo je?

Mama Imani: Kwani amesema anataka nguo?

Eliya: Hapana…

Mama Imani: Ndiyo shida yetu hiyo. Kipofu alimlilia Yesu pale Yeriko, kila mtu anaona ni kipofu, na bado Bwana akamwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Sisi ambao hatujui lolote tunafika na furushi. Nipeni muda, nakwenda mimi na Dada Pendo. Tukaulize tu

Baba Neema: Nendeni, tunasubiri

Mtunza Hazina: Mkiuliza, msiahidi 🙂

*

Mama Imani: Tumerudi. Nguo wanazo. Sabuni ipo. Alituuliza kwanza kama tumekuja kumhubiria, maana waliotangulia walihubiri wakaondoka. Nikamwambia tumekuja kukuuliza unahitaji nini. Akakaa kimya, halafu akasema: usingizi

Bibi Rehema: 😢

Mama Imani: Mama yake hajigeuzi mwenyewe. Usiku kucha yeye ndiye anaamka kumgeuza. Mchana hawezi kutoka hata kwenda kufuatilia dawa, kwa sababu hana wa kumwachia. Anataka mtu wa kukaa pale saa chache, mara kwa mara, ili alale au atoke. Hicho tu

Mtunza Hazina: Kwa hiyo si fedha?

Mama Imani: Si fedha

Mtunza Hazina: Nilikuwa nimeshaficha daftari bure 😂

Mwalimu: Jamani naomba nafasi moja, nitafupisha

Baba Neema: Tunakujua. Haya

Mwalimu: Msamaria mwema tunamsimulia kama mtu wa dinari mbili. Fungueni Luka 10 muangalie mpangilio. Alimfunga jeraha, akampandisha mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, "akamtunza". Kisha ndipo linakuja "hata siku ya pili akatoa dinari mbili". Siku ile ya kwanza alimtunza mgonjwa yeye mwenyewe. Fedha ilitoka kesho yake. Na alipoondoka akasema "mimi nitakaporudi nitakulipa", maana yake safari ya kurudi aliihesabu tangu mwanzo. Na huyo alikuwa Msamaria, watu ambao Wayahudi hawakuchangamana nao. Hakumwuliza majeruhi anasali wapi

Mtunza Hazina: Hilo la mwisho umenirushia mimi

Mwalimu: Limekupata?

Mtunza Hazina: Limenipata. Niandike zamu

Dada Pendo: Kabla ya zamu, naomba mnisikilize kama muuguzi. Upendo bila kujua kazi unaweza kumwumiza yule mama. Mgonjwa wa hivi hugeuzwa takriban kila saa mbili, la sivyo anapata vidonda vya kulala. Msimvute kwa mikono wala kumburuta, ngozi inachanika. Wawili mnashika shuka lililo chini yake, mnanyanyua na kumgeuza pamoja. Angalieni visigino, nyonga, mgongo wa chini na viwiko. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo gusa: ukikuta pana joto au pagumu kuliko pembeni, nijulishe. Na msipasugue, mkidhani mnasaidia damu kutembea

Eliya: Kulisha je?

Dada Pendo: Hapana, hilo mwachie binti yake. Aliyepooza anaweza kupaliwa. Hata maji usimpe akiwa amelala chali

Baba Neema: Mimi naogopa kidogo kusema kweli. Kumhudumia mama wa watu, mimi mwanamume

Mama Imani: Usafi wa mwili watafanya wanawake, tumekubaliana na binti. Wanaume mnakuja wakati wa kugeuza, mnashika shuka tu, na muda mwingine mnakaa. Yule mama anasikia na anaelewa, ni maneno tu hayatoki vizuri. Anapenda kusomewa

Bibi Rehema: Mimi magoti hayanyanyui mtu. Ila kusoma naweza hata saa tatu

Mama Imani: Bibi umepata. Zaburi?

Bibi Rehema: Nitamwuliza anataka nini 😊

Mtunza Hazina: Zamu hii hapa. Jumatatu: Mama Imani na Dada Pendo. Jumatano: Bibi Rehema wa kusoma, mama watoto wangu na Baba Neema wa kugeuza. Ijumaa: mimi na Mwalimu. Jumamosi: Eliya na Baba Neema. Asiyeweza aseme siku moja kabla, si saa moja kabla

Baba Neema: Hii ni ya mwezi mmoja?

Mama Imani: Tusimpe mwezi, baba. Mtu akikuzoea halafu ukapotea, ni afadhali usingekwenda. Tukichoka tubadilishane, tuongeze watu

Baba Neema: Sawa. Nimekubali

Eliya: Mimi Jumamosi nifike saa ngapi?

Dada Pendo: Saa mbili na nusu asubuhi, nitakuwepo nikuonyeshe kushika shuka. Kata kucha, nawa mikono, na saa yako ya chuma iache nyumbani, inakwaruza

Mtunza Hazina: Mwalimu, Ijumaa tunakwenda kukaa na mgonjwa. Hakuna mahubiri

Mwalimu: Hata mistari miwili?

Mtunza Hazina: Akiomba mwenyewe