Mjadala: Simu ikiachwa na kampuni, sheria ilazimishe ifunguliwe?

Mkompaili

Wakuu, naweka hoja mezani. Kampuni ikishatangaza kwamba simu fulani haitapata tena masasisho, sheria iilazimishe kufanya mambo mawili: kuruhusu butiloda (programu ya kwanza kuwaka, inayoamua mfumo gani uingie) ifunguliwe bila masharti, na kutoa msimbo chanzo wa kerneli (kiini cha mfumo kinachoendesha chuma cha simu) ukiwa kamili. Nasema ilazimishwe kwa sababu hiari imeshindwa. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia Julai 2018. LG walijitoa kwenye biashara ya simu mwaka 2021, na huduma yao ya kufungulia ikazimwa mwisho wa mwaka huohuo. Aliyekuwa hajafungua simu yake akabaki nje. Samsung nao, kwenye One UI 8 ya 2025, kitufe cha kufungua kimetoweka kwenye menyu. Xiaomi bado wanaruhusu, ila kwa akaunti, kwa kusubiri na kupitia seva yao. Siku seva hiyo ikizimwa, habari imekwisha.

Chukueni Poco F1 ya 2018, yenye chipu ya Snapdragon 845. Xiaomi waliiachia kwenye Android 10. Wanaojitolea wa LineageOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android, wameifikisha Android 15, chuma kilekile. Hilo liliwezekana kwa sababu butiloda ilifunguka na kerneli ilitolewa. Simu ambayo haina hayo mawili inazeeka na matobo yake ya usalama.

Mlinzi wa Mfumo

Mkuu, hoja ina uzito lakini umeruka kitu kikubwa. Kerneli si simu nzima. Kuna fimuwea (programu ya ndani) ya modemu inayoshika mtandao, kuna programu za eneo salama la chipu, kuna draiva (programu zinazoendesha vipande vya chuma) za kamera na za picha ambazo msimbo wake hautolewi. Kwenye Poco F1 hiyohiyo, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, gusa toleo la Android. Utakuta tarehe mbili za viraka vya usalama. Ya Android ni ya karibuni. Ya mtengenezaji imeganda pale Xiaomi walipoachia. Au unganisha simu na kompyuta kwa waya, utumie adb, chombo cha kuiamuru simu:

`adb shell getprop ro.build.version.security_patch`
`adb shell getprop ro.vendor.build.security_patch`

Kerneli yenyewe ni Linux 4.9, ambayo wasimamizi wake wakuu waliifunga Januari 2023. Tangu hapo kila kiraka kinahamishwa kwa mkono kutoka matoleo mapya, na kingine hakihamishiki. Mwenye simu anasoma "Android 15" anaamini yuko sawa na aliyenunua simu jana. Hayuko sawa.

La pili ni butiloda kubaki wazi. Mtu akiishika simu yako dakika chache na waya wa USB, anaweka `boot.img` yake, yaani faili ya kuwashia mfumo. Data imefichwa kwa PIN, ndiyo, lakini akikurudishia simu ina mfumo wake, PIN utaiandika wewe mwenyewe.

Kijana wa Luthuli

Niulize. Hata sheria ikipita, nani atajenga mfumo kutoka kwenye msimbo huo? Simu nyingi huku kwetu ni za bei ya chini, zenye chipu za MediaTek na Unisoc. Google wenyewe, kwa kujenga Android, wanataka kompyuta ya RAM GB 64 na diski tupu ya GB 400. Hiyo mashine ni bei ya simu ngapi? Na bando la kushusha huo msimbo analipa nani?

Bint Seif

Kaka, hapo Google wanaongea na anayejenga AOSP nzima (msimbo wa Android unaotolewa na Google) na anataka imalizike haraka. Anayejengea simu moja LineageOS anahitaji SSD yenye nafasi ya GB 300 hivi na RAM GB 32. GB 16 inawezekana ukiongeza swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 32 na ukawa mvumilivu. Mfumo uwe Linux ya biti 64. Mac ilishaondolewa tangu 2021. Diski ya kuzunguka isahau, itakula siku nzima.

Bando linaokolewa hapa:

`repo init -u https://github.com/LineageOS/android.git -b lineage-22.2 --git-lfs --depth=1`
`repo sync -c -j4 --no-tags`

Hiyo `--depth=1` inaleta hali ya sasa ya msimbo bila historia yake ya miaka, na `-c` inaleta tawi moja tu. Hata hivyo ni zaidi ya GB 100, kwa hiyo si kazi ya bando la wiki. Mtandao ukikatika, hazina (mafungu ya msimbo) zilizokwisha kushuka zinabaki salama. Iliyokuwa katikati inaanza mwanzo, kwa sababu git, chombo kinachoshusha msimbo, haiendelezi upakuaji uliokatika. Ndiyo maana watu wanateseka na hazina ya clang, chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu: ni moja, na ni nzito. Ishushe peke yake, usiku mtandao ukiwa umetulia: `repo sync -c -j1 prebuilts/clang/host/linux-x86`. Ikipita hiyo, zilizobaki ni nyepesi.

Kisha:

`source build/envsetup.sh`
`breakfast beryllium`

Beryllium ndilo jina la ndani la Poco F1. Mara ya kwanza `breakfast` italalamika kwamba faili za mtengenezaji hazipo. Usihangaike. Ingia `device/xiaomi/beryllium`, endesha skripti ya extract-files simu ikiwa kwenye waya na inatumia LineageOS ya toleo hilohilo, kisha rudia `breakfast`, halafu `brunch beryllium` ndiyo ijenge.

Ujenzi ukifa kwa neno Killed au namba 137, usipoteze muda kutafuta kosa kwenye msimbo. RAM imeisha, na kerneli ya kompyuta yako imeua mchakato. Punguza kazi za sambamba: `mka bacon -j4`. Washa na ccache, inayotunza matokeo ya ujenzi yatumike tena (`export USE_CCACHE=1`, `export CCACHE_EXEC=/usr/bin/ccache`, `ccache -M 50G`). Ujenzi wa kwanza hautaona faida yake. Wa pili utashukuru.

Sasa hizo za MediaTek. Kikwazo chake si kompyuta, ni msimbo. Leseni ya kerneli, GPLv2, inamtaka anayesambaza kerneli atoe msimbo wote pamoja na skripti za kuijengea. Kinachotolewa mara nyingi ni furushi lisilo na defconfig (faili ya mipangilio ya kerneli) ya simu husika, au lisilo na draiva za Wi-Fi na sauti. Ukiijenga, ama haimalizi, ama inawaka bila sauti. Ndiyo maana neno "kamili" kwenye hoja ya mkuu lina maana kubwa kuliko mnavyodhani.

Palipo butiloda wazi kuna njia ya mkato: picha ya mfumo ya jumla, GSI, yaani faili ya mfumo mzima isiyofungwa na modeli moja. Simu zilizotoka na Android 9 na kuendelea zinatakiwa ziikubali, sehemu ya mtengenezaji ikibaki ilivyo. Hifadhi data yako kwanza, maana inafutwa. Kisha, simu ikiwa kwenye fastboot (hali ya kupokea mfumo kupitia waya):

`fastboot --disable-verity --disable-verification flash vbmeta vbmeta.img`
`fastboot reboot fastboot`
`fastboot flash system system.img`
`fastboot -w`

Hatua ya `reboot fastboot` ni ya simu zenye vizigeu (sehemu za hifadhi) vya kubadilika, kuanzia Android 10. Ukiiruka utaambiwa kizigeu cha system hakipo. Ukiambiwa nafasi haitoshi, futa kizigeu cha product: `fastboot delete-logical-partition product_a`, kisha rudia. Tegemea kupoteza VoLTE (kupiga simu kupitia 4G) kwenye simu nyingi, hasa Samsung, kwa sababu programu ya IMS inayoiendesha ni ya mtengenezaji na imeshikamana na mfumo wake.

Mzee Saketi

Wanangu, mnakwenda kasi. Kabla ya amri yoyote hapo juu, tunza vizigeu vinavyobeba utambulisho wa simu. Kwenye Qualcomm ni `modemst1`, `modemst2`, `fsg` na `persist`. Kwenye MediaTek ni `nvram`, `nvdata` na `protect1`, `protect2`. Ukiwa kwenye rikava (mfumo mdogo wa matengenezo) yenye ruhusa ya root, yaani mamlaka yote:

`dd if=/dev/block/bootdevice/by-name/modemst1 of=/sdcard/modemst1.img`

Fanya hivyo kwa kila kimoja, kisha nakili nje ya simu. Vikiharibika, IMEI inasoma sifuri na laini haishiki. Kwetu Tanzania TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, walizima simu zenye IMEI bandia tangu Juni 2016, kwa hiyo hakuna ujanja wa kuandika namba yoyote ukaendelea. Kubandika IMEI ya simu nyingine ni kosa la jinai, na fundi anayekuahidi hilo anakutafutia kesi.

Kwa Xiaomi, angalia pia `fastboot getvar anti`. Namba hiyo ya kuzuia kurudi nyuma ikiwa kubwa kuliko ya fimuwea rasmi unayotaka kurudisha, acha. Redmi Note 5 Pro nyingi zilikufa mwaka 2018 kwa watu kurudi toleo la nyuma bila kuitazama, na kufufua kunahitaji hali ya EDL (hali ya dharura ya chipu) yenye akaunti maalumu ya kampuni.

Msimamo wangu: sheria naiunga mkono, ila iongezwe kifungu cha tatu. Kampuni iache hadharani picha za kiwandani (faili za mfumo wote) za toleo la mwisho. Fundi wa Kariakoo anafufua simu iliyokufa kwa faili anazookota kwenye tovuti asizozijua, na humo ndimo virusi vinamoingilia.

Mlinzi wa Mfumo

Mzee, shikamoo. Umenifikisha ninapotaka. Hapa inatajwa LineageOS kana kwamba ndiyo inayowekwa mtaani. Mtaani zinawekwa romu (mifumo ya Android iliyojengwa na watu binafsi) za kwenye makundi ya Telegram. Ukipewa romu ya namna hiyo, endesha mambo mawili:

`adb shell getprop ro.build.tags`
`adb shell getenforce`

La kwanza likijibu `test-keys`, mfumo umetiwa saini kwa funguo za mfano zilizomo ndani ya msimbo wa AOSP, ambazo dunia nzima inazo. Mtu yeyote anaweza kuandika programu, akaisaini kwa ufunguo uleule wa jukwaa, na ikiingia kwenye simu yako inapata mamlaka ya mfumo. La pili likijibu `Permissive`, kizuizi cha SELinux, kinachobana kila programu ndani ya mipaka yake, kimelegezwa kwa sababu mjenzi alishindwa kuandika sera za draiva zake. Mnataka sheria ifungue mamilioni ya simu ziingie kwenye hali hii? Halafu tushangae benki zikizikataa?

Bint Seif

Kaka Mlinzi, ugonjwa umeutaja sawasawa, ila dawa yako ndiyo sikubaliani nayo. Test-keys ni uvivu wa mjenzi. Tengeneza funguo zako kwa skripti ya `development/tools/make_key`, jenga kwa `mka target-files-package otatools`, kisha pitisha `sign_target_files_apks` na `ota_from_target_files`. Kwenye matoleo mapya ya LineageOS kuna APEX pia (vifurushi vya vipande vya mfumo), kila moja na ufunguo wake. Ukizisahau simu inaweza kugoma kuwaka. Na ukihama kutoka funguo za mfano kwenda zako bila kufuta data wala kutumia skripti ya kuhamisha funguo, simu itazunguka kwenye nembo bila kufika skrini ya mwanzo, kwa kuwa saini za programu za mfumo hazilingani na zilizosajiliwa.

Butiloda si lazima ibaki wazi. Pixel ya Google inakubali ufunguo wa mwenye simu:

`fastboot flash avb_custom_key avb_pkmd.bin`
`fastboot flashing lock`

Simu inawaka kwa onyo la njano: mfumo si wa kiwandani, lakini umehakikiwa kwa ufunguo uliowekwa. GrapheneOS, mfumo mbadala unaojali usalama, inaishi hivyo. Yule mtu wako wa dakika chache na waya wa USB hapo hana la kufanya. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengi hawaruhusu hilo, na ukifunga butiloda ya simu isiyokubali ufunguo wako huku mfumo si wa kiwandani, umeiua. Kama kuna kifungu kimoja cha kupigania, ni hiki.

Mkompaili

Nakubali, dada, na naongeza kwenye hoja. Kufungua bila seva ya kampuni. Kerneli kamili pamoja na defconfig. Ufunguo wa mwenye simu. Picha za kiwandani kama alivyosema Mzee. Na ruhusa ya kusambaza faili za binari za mtengenezaji, ili kila mjenzi asilazimike kuzichomoa upya.

Kuhusu benki: programu zao zinauliza Play Integrity, huduma ya Google inayopima kama simu haijachezewa, na simu yenye butiloda wazi inaanguka. Tangu Mei 2025, kwa Android 13 na kuendelea, jibu hilo linategemea uthibitisho wa chipu yenyewe, hivyo mbinu nyingi za zamani za kudanganya zimekwama. Lakini miamala mingi ya huku haipiti huko. M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#, ya Kenya ni *334#, na USSD haijali romu yako ni ya nani. Na kwa simu iliyofungwa kwa ufunguo wa njano (ule wa mwenye simu, wenye onyo la njano), benki inaweza kuomba uthibitisho wa chipu moja kwa moja na kuorodhesha funguo inazoziamini. Teknolojia ipo, ni uamuzi wao.

Mlinzi wa Mfumo

Ufunguo wa njano nauunga mkono bila shaka. Kufungua kwa jumla bila hicho kifungu, napinga. Andikeni sheria kwa mpangilio huo: ufunguo kwanza, kufungua baadaye.

Kijana wa Luthuli

Na nani atawashurutisha? Soko letu ni dogo, kampuni itasema haileti simu tena.

Mkompaili

Hatuanzi na bunge. TCRA na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari wanakagua na kuidhinisha kila modeli kabla haijauzwa. Sharti linaingia kwenye fomu hiyohiyo ya maombi: kampuni iambatanishe kiungo cha msimbo wa kerneli, na mkaguzi aujenge kabla ya kugonga muhuri. Ukijenga na kuwaka, umepita. Kerneli peke yake haihitaji GB 300; laptopu ya RAM GB 8 inaweza kuimaliza. Ulaya, tangu 20 Juni 2025, wanadai masasisho ya angalau miaka 5 na simu hazijaacha kwenda huko. Soko letu si la Ulaya, nakubali, ndiyo maana sharti hili lianze na kitu ambacho leseni ya GPL inakidai tayari. Kampuni itakayogoma itueleze kwanza kwa nini haitaki kutimiza leseni iliyoikubali.

Kijana wa Luthuli

Hapo kwa mkaguzi kujenga kerneli mwenyewe nimekuelewa. Lakini moduli? Simu za kerneli 5.10 kwenda mbele zinatumia kerneli ya pamoja ya Google, GKI, na draiva ziko kwenye moduli za pembeni, ndani ya vizigeu vya `vendor_boot` na `vendor_dlkm`. Kampuni italeta kiungo cha GKI, itawaka, itapata muhuri, na draiva zimebaki gizani.

Bint Seif

Basi fomu idai kila faili ya `.ko` (ndiyo moduli yenyewe) iliyomo kwenye vizigeu hivyo viwili iwe na msimbo wake au tamko la maandishi la leseni yake. Amri ya `modinfo` inaonyesha leseni ya kila moduli, na inayojitambulisha kama GPL haina kisingizio.