Dizeli inakaribia kuchemsha ikivuta tela mlimani: joto lipi ni la kawaida na lipi ni la hatari?

Mvutatela:

Salaam, wakuu. Nina pikapu ya dizeli ya lita 2.8 yenye tabo na gia ya otomatiki, ambayo huvuta tela la takriban tani 2 likiwa na mzigo. Kwenye barabara tambarare, kifaa nilichochomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari husoma joto la maji ya injini kati ya nyuzi 88 na 92 za selsiasi. Nikianza kupanda mlima mrefu, joto hupanda polepole hadi 108, nami hulegeza mguu. Nikivuka kilele, linarudi 90 baada ya muda mfupi. Kinachonishangaza ni kwamba mshale wa dashibodi hukaa katikati muda wote huo. Maji hayapungui, na mfuniko wa rejeta ni mpya. Fundi ananishauri nitoe themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, ili maji yapite bila kizuizi. Je, nyuzi 108 ni hatari, na ushauri huo una mashiko?

Gereji ya Dizeli:

Mkuu, mshale huo ndio unaowaponza wengi. Katika magari mengi umepangwa kwa makusudi usitikisike kuanzia kama nyuzi 80 hadi kupita 100, ili dereva asishtuke kila joto linapocheza kidogo, kwa hiyo siku utakapouona unapanda, jua kwamba injini ilikwisha kuvuka hali ya kawaida kitambo. Endelea kuamini kifaa chako.

Nyuzi 108 zenyewe si kuchemka. Mfuniko unaoshikilia shinikizo la bar 1 husogeza kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu 120, na kipozeo kilichochanganywa nusu kwa nusu huongeza nyuzi kadhaa juu ya hapo. Hata hivyo, akiba uliyobaki nayo ni ndogo, na ikitokea mpira wa maji ukavuja, shinikizo huanguka na maji huchemka papo hapo. Mimi hupunguza mwendo nikiona 105, na kwenye 115 husimama.

Themostati usiitoe. Ikifika nyuzi 108 imekwisha kufunguka yote, kwa hiyo hutapata nafuu ya maana. Isitoshe, katika injini nyingi sahani yake ya chini ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na utachemsha zaidi mlimani huku tambarare injini ikibaki baridi na kuunguza dizeli vibaya.

Mizani:

Naongeza hesabu kidogo, kwa kuwa inaeleza kwa nini tatizo huonekana mlimani tu. Tuseme gari na tela kwa pamoja ni tani 4.5 na mwinuko ni wa asilimia 6. Kuuinua uzito huo kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kunahitaji takriban kilowati 59, kabla hata ya kuhesabu upepo na msuguano wa matairi. Kwa kilomita 60 zinatosha 44. Joto linalotupwa kwenye maji hufuata nguvu unayodai, kwa hiyo kupunguza mwendo ni kupunguza moto kwenye chanzo chake.

La pili ni gia. Ukiacha injini iburute tela kwa mizunguko 1,500 kwa dakika huku umekanyaga mafuta hadi chini, pampu ya maji na feni huzunguka taratibu wakati ule ule joto linapozalishwa kwa wingi. Shusha gia hadi injini izunguke karibu 2,500: kelele itaongezeka, lakini maji na upepo vitapita kwa kasi zaidi, na kila silinda itapokea mafuta kidogo kwa kila mpigo. Hilo linashusha pia joto la ekzosi, ambalo kipimo cha maji hakikuonyeshi. Wanaovuta mizigo mizito huchukulia nyuzi 700 kabla ya tabo kuwa mpaka wa kutovukwa kwa muda mrefu, na ikumbukwe kwamba aluminiamu safi, metali kuu ya pistoni, huyeyuka kwenye 660.

Gereji ya Dizeli:

Nakubaliana na Mizani, ila gari lililo zima linapaswa kumudu tani 2 bila kufika 108, labda kwenye joto kali sana. Kabla ya kununua rejeta, angalia upepo. Legeza kondensa ya kiyoyozi na umulike tochi kati yake na rejeta; mara nyingi hapo pana mkeka wa mbegu za nyasi, wadudu na vumbi lililoshikana kwa oili, ambao ukitazama kwa mbele huuoni kabisa. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini, maana nguvu kubwa hulaza mapezi.

Kisha pima klachi ya feni, yaani kiungo chenye mafuta mazito ndani kinachoishika feni izunguke kwa nguvu panapokuwa na moto. Zima injini ikiwa moto, toa ufunguo, halafu zungusha feni kwa mkono: inapaswa kuwa nzito.

Mvutatela:

Nimeosha, na uchafu uliotoka ni mwingi. Feni ni nyepesi hata injini ikiwa ya moto, na kitovu chake kina vumbi lililogandamana na kitu kama mafuta. Je, naweza kuifunga kwa bolti izunguke moja kwa moja?

Gereji ya Dizeli:

Hayo ni mafuta ya silikoni yaliyovuja, klachi imekwisha. Kuifunga kutakufikisha nyumbani, lakini si matengenezo: feni itakula nguvu wakati wote, na kwenye mizunguko ya juu mapanga yake yanaweza kupasuka na kuichana rejeta. Weka mpya, kisha panda mlima ule ule na mzigo ule ule. Maji yanapokaribia nyuzi 100 utasikia feni ikinguruma, na joto linapaswa kusimama hapo. Likiendelea kupanda, pima kama gesi ya mwako inaingia kwenye maji, maana hapo mshukiwa anayefuata ni gasketi ya silinda hedi.