Kupakia wimbi kwa SCPI (amri za maandishi za kuendeshea vifaa vya maabara) kwenye 33220A na 33522A: desimali, baiti au fleshi?

mzunguko_50
Faili ya CSV ina nukta 16,384. Inatakiwa iingie kwenye jenereta ya Agilent 33220A kwa kebo ya USB, baadaye kwenye 33522A. Ipi haina usumbufu?

waya_mwekundu
33220A haisomi fleshi, kwa hiyo hapo zimebaki njia mbili. Anza na desimali:

`DATA VOLATILE, 0.1250, -0.3310, ...`

Thamani zote ziwe kati ya -1 na 1, kwa hiyo gawanya volti zako kwa kilele kwanza. Uzuri wake ni kwamba ulichotuma unakiona kwa macho. Ubaya ni uzito: `-0.1234,` ni baiti 8, wakati kwa DAC (namba nzima ghafi zinazotumwa kama baiti) kila nukta ni baiti 2.

biti14
Kwa nukta 16,384 mimi ningeenda moja kwa moja kwenye baiti:

`DATA:DAC VOLATILE, #532768<baiti>`

Hiyo 5 inasema urefu umeandikwa kwa tarakimu tano. 32768 ni idadi ya baiti, siyo ya nukta. Ukiandika 16384, kifaa kinachukua nusu ya wimbi na kinachofuata kinakisoma kama amri. Namba ni kuanzia -8191 hadi 8191.

Mtego mkubwa ni mpangilio wa baiti. Kifaa kinatarajia baiti kubwa itangulie, kompyuta nyingi hutanguliza ndogo. 100 ikigeuzwa inakuwa 25600, unapata hitilafu -222 (thamani iko nje ya mipaka). Tuma `FORM:BORD SWAP` kabla, au kwenye PyVISA (maktaba ya Python ya kuongea na vifaa):

`write_binary_values('DATA:DAC VOLATILE,', d, datatype='h', is_big_endian=True)`

Chagua moja. Ukifanya zote mbili umerudi ulikotoka.

mzunguko_50
Si naweza kuandika `#0` nisihesabu?

biti14
Kwa GPIB (kebo ya zamani ya vifaa vya maabara) na USB, sawa, maana zina ishara ya mwisho wa ujumbe. Kwa soketi ya LAN, poti 5025, ishara hiyo haipo. Hesabu tu, kompyuta haichoki.

waya_mwekundu
Baada ya kupakia: `FUNC:USER VOLATILE`, kisha `FUNC USER`. Ukizima kifaa wimbi limepotea. `DATA:COPY WIMBI1, VOLATILE` inalihifadhi.

kengele_ya_EOI
Kwenye 33522A mambo ni mengine, skripti ya 33220A haihamii ilivyo. Amri ni `DATA:ARB:DAC jina, #...` na kipimo kinafika ±32767. Jina likiwa tayari limo kwenye kumbukumbu, linakataliwa. Safisha kwa `DATA:VOL:CLE`. Fleshi inafaa kwa faili ya .arb iliyokwisha andaliwa:

`MMEM:LOAD:DATA "USB:\wimbi.arb"`
`FUNC:ARB "USB:\wimbi.arb"`
`FUNC ARB`

Wengi huishia mstari wa kwanza, halafu wanashangaa kwa nini bado wanaona wimbi la sine. Na rudia `SYST:ERR?` mpaka ijibu `+0`; hitilafu hupanga foleni, ukisoma moja unaweza kuwa umesoma ya jana.