Mjadala: Mama lishe waandike kalori kwenye ubao wa bei?

Kipimo: Wakuu, Uingereza tangu Aprili 2022 migahawa yenye wafanyakazi 250 na zaidi inalazimika kuonyesha kalori za kila sahani. Kwetu je? Chukua chipsi mayai: chipsi gramu 200 ni kama kalori 550, mayai mawili 150, bado mafuta ya kikaangio. Mtu anakula 800 mchana, saa kumi anatafuta andazi. Bora ugali, tena wa dona, siyo hiyo sembe ya wavivu wa kutafuna.

Mwiko Mrefu: Wavivu wa kutafuna? Dona na sembe zote zinacheza kwenye kalori 360 kwa gramu 100 za unga. Mkuu unatuuzia pumba kwa bei ya unga.

Nungunungu: Turudi kwenye ubao. Nani atapima? Mililita 30 tu za mafuta ni kama kalori 240. Mkono wa mpishi ukiteleza mara moja, namba ya ubaoni imeshakuwa uongo. Anzeni na kijiko cha kupimia kabla ya chaki.

Kipimo: Mwiko, kalori sawa, shibe siyo sawa. Dona ina nyuzinyuzi kama gramu 7 kwa kila 100, sembe iliyokobolewa sana haifiki hata nusu. Chakula kikimeng'enywa polepole, utumbo unaendelea kutoa homoni za shibe, GLP-1 na PYY. Tumbo nalo likitanuka, neva ya vagasi inapeleka habari kwenye ubongo. Habari hizo zote huchukua kama dakika 20 kukolea, ndiyo maana anayefagia sahani kwa dakika 5 anaomba nyongeza.

Mwiko Mrefu: Na tumbo linatanuliwa na nini? Maji! Unga gramu 150 unakunywa maji zaidi ya mara mbili ya uzito wake, uwe dona uwe sembe. Sydney mwaka 1995 watafiti walipima shibe ya vyakula 38, kila kimoja kwa kalori 240. Viazi vya kuchemsha viliongoza, shibe zaidi ya mara 3 ya mkate mweupe. Havina pumba hata chembe. Halafu mbona sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, huitaji? Inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, vitu vile vile unavyotulisha. Kukoboa kunaipunguza.

Kipimo: Sumukuvu ni kosa la kukausha, usiisingizie dona. Anika juu ya turubai, siyo udongoni, mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 13. Punje zenye ukungu na zilizovunjika zitoe kabla ya mashine.

Bi Chachandu: Na asidanganyike mtu kwamba moto utaiua. Kupika hakuiondoi. Tena kiini kina mafuta, dona inachacha na kuwa chungu mapema. Saga ya wiki mbili, siyo ya miezi.

Chapati Moja: Samahani, mimi mgeni. Kwa hiyo viazi vinavyoshibisha kuliko vyote ndivyo hivyo hivyo vya chipsi za mleta mada?

Nungunungu: Ndivyo. Kikichemshwa kinabaki na maji yake, gramu 100 ni kama kalori 87. Kikaange: maji yanatoka, mafuta yanaingia, kalori zinapanda mara tatu na sahani haijaongezeka ujazo. Tumbo linapima ujazo, halina mizani ya kalori. Na hilo ubao hautalisema.

Bi Chachandu: Mnabishania unga, mboga hamuigusi. Ugali na mchuzi mtupu, dona au sembe, njaa inarudi mapema. Weka maharage au dagaa. Protini inakaa, na mwili unatumia kama robo ya kalori zake kuishughulikia tu. Mafuta hata asilimia 3 hayafiki.

Mwiko Mrefu: Sawa mama. Ila "wavivu wa kutafuna" sijaisahau.

Kipimo: Nafuta "wavivu". Wewe unafuta "pumba"?

Mwiko Mrefu: Pumba ni pumba.