Mrejesho: Sikujitoa kwenye mchezo

Ndugu zangu, nilipouliza kama nijitoe kwenye mchezo wetu wa kuimba hapa Kondele, Kisumu, kwa kuwa nilijiunga wa mwisho na wenzangu walishazoeana, wengi mlisema nivumilie. Nikavumilia.

Jumamosi, katikati ya wimbo wangu wa pekee, maneno yakanipotea kabisa. Mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo, akaurudia ubeti, nyuzi zote nane kama zinaniita, na yule dada niliyedhani ananidharau akawapa watazamaji mgongo, akaninong'onezea mstari mpaka nikaudaka. Watu wakadhani ndivyo tulivyopanga!

Baadaye tukaenda Dunga kula samaki, tukataniana hadi usiku. Bili niliachiwa mimi, eti faini ya kusahau.